Shanga za Kakuma

Watu wakibishana kama kufungiwa wakati wa korona kulitufaa au kulituumiza, mimi humkumbuka kitinda mimba wetu. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza samaki wakavu sokoni Lodwar. Njia zilipofungwa, yeye alikuwa amemtembelea mama mdogo Kakuma, akakwama huko. Soko letu nalo lilifungwa. Sisi tulilalia uji, yeye alikula akashiba. Nilishukuru, lakini wivu niliomwonea mama mdogo ulininyima raha.

Njia zilipofunguliwa, alirudi amenenepa, na shanga mpya shingoni. Kwetu mama ndiye humvisha binti shanga.

"Ejok, binti wa Kakuma!" jirani akamsalimu kwa Kiturkana, akimtania.

"Zivue," nikamwambia.

"Mama alisema nisizivue."

Mama! Mimi niliyemlea aliniita dada tu.

Baada ya siku chache alinijia akijikuna shingo. "Dada, zinanibana. Nirefushie."

Niliukata uzi wa mama mdogo upesi kuliko ilivyohitajika, nikazitunga upya kwa uzi wangu. Kakuma alishiba, sikatai. Lakini shanga nilimvisha mimi.