Bluu Wakikosa, kwa Duka la Juisi

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, ila Wafula, niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, humsimulia kila mgeni na kuitia chumvi, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ofu yangu ya Ijumaa ilikuwa ya ibada, kisha chai na shuka. Siku nyingine nilikuwa nagawa viatu vya kuteleza kwenye uwanja wa barafu ndani ya mol moja hapa Doha (nje jua la kukaanga yai, ndani watu na masweta), na nilitazama hoki ya barafuni pale kaunta hadi nikajiona mtaalamu. Refa msaidizi akasafiri, mkubwa wangu akanibembeleza nishike nafasi yake mechi moja, nikakataa. Halafu Makena, nesi tuliyekuwa tukisali naye, akaniambia mbele ya watu, "Wewe Simiyu ni sofa tu. Anayekutaka lazima aje kwako." Wakacheka. Na mimi nilikuwa namtaka huyo Makena, mnielewe, basi mdomo ukatangulia: "Ijumaa ijayo njoo uone sofa ikichezesha mechi."

Wiki hiyo sikutulia. Dirishani, mlangoni, dirishani tena, nakariri sheria.

"Keti bana, utatoboa zulia," Wafula akalalamika.

Sheria yenyewe ni hivi: timu ikikosa, kile kisahani cheusi cha raba kinaangushwa kati ya wachezaji wawili wakigombanie, lakini kwenye doa ambalo waliokosa hawatafaidika. Wakikipiga kutoka nusu yao kikapita mstari wa mwisho kule mbali bila kuguswa, mchezo unarudishwa karibu na lango lao wenyewe. Timu ya bluu ingeanza ikilinda lango la upande wa duka la juisi, weupe lango la upande wa kaunta yangu, basi mimi nikajifupishia: bluu wakikosa, kwa duka la juisi, weupe wakikosa, kwa kaunta ya viatu.

Kipindi cha kwanza, jamani, kilikwenda kama siagi. Mapumziko nikampungia Makena, akanipungia, kichwa kikavimba. Tukarudi, na timu zikabadilishana upande (kama mpira wa miguu, kitu ninachokijua tangu utotoni!), ila miguu yangu haikupata habari. Bluu wakakipiga kisahani kutoka upande wa kaunta kikavuka mstari kule kwa juisi, nikapuliza filimbi, na badala ya kukirudisha kaunta nikasimama palepale kwa juisi, mbele ya lango la weupe wasio na kosa. Bluu wakaja wakitabasamu. Kipa wa weupe akagonga gongo chini: "La, la, habibi! Kule!"

Mkubwa alikuwa amenionya, "Watapiga kelele, wewe simama imara. Yalla, haya nenda." Basi nikasimama imara. Nikainua kidole hadi wakanyamaza, nikaangusha. Goli, kabla sijanyoosha mgongo.

Refa mkuu, mzee wa Kikanada mwenye sharubu, akaja polepole, na ule upole ndio ulionitisha.

"Rafiki, nani amekosa?"

"Bluu."

"Wanalinda lango lipi sasa?"

Nikatazama juisi. Nikatazama kaunta. "Lile... la..."

"Umewapa zawadi," akasema, akafuta goli, na sasa bluu nao wakaanza kunifokea. Nikaamua kurudi nyuma kwa heshima, barafu ikakataa, nikakaa chini pwaa! nikateleza kwa makalio mpaka wavuni. Halafu kisahani hakionekani. Wachezaji wote wanainama wanatafuta, hadi mzee akaniambia, "Inuka." Nilikuwa nimekikalia.

Wafula akasimama jukwaani: "Sofa imefunga!"

Mzee akanionyesha njia kwa kidole: kaunta. Haki kabisa, mkosaji akarudishwa kwake. Nilikuwa nakausha viatu, sitaki kuinua uso, niliposikia, "Nipe namba thelathini na nane."

Makena.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimeshacheka. Sasa nataka unishike nisianguke." Akafunga kamba, akanipa mkono. "Haya, refa, tunaenda upande gani?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Kidole changu kilitaka kuinuka, nikakizuia, nikamuuliza yeye.

Mpaka leo siinui kidole kabla ya kuuliza. Hata humu nyumbani mwetu, kila Makena anapohamisha sofa, nasimama mlangoni nangoja aniambie nikae wapi.