Msusi Aliyekataa Kukaa Mlangoni

Msusi huyu ana miaka arobaini na mbili, na vidole vyake havijui kutulia. Kwa miaka tisa ameishi na virusi vya ukimwi. Dawa zake anazimeza kila asubuhi baada ya chai, na katika saluni ile ya viti vitatu hakuna aliyejua, mpaka Ijumaa moja jirani alipomwona kwenye foleni ya kliniki akaenda kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Jumatatu alikuta kikombe chake kimetengwa dirishani na taulo lake limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kiti chake kilikuwa mlangoni, karibu na ndoo za maji machafu. Mwenye saluni, shoga yake wa siku nyingi, alikuwa akimsuka mteja na hakuinua macho.

"Usinielewe vibaya, shoga. Ni kwa ajili ya wateja."

"Basi wateja wasikie kwangu." Akabeba kiti, akakirudisha mbele ya kioo kikubwa. "Ndiyo, ninavyo. Havikai kwenye kichana, wala kikombe, wala kiti. Anayetaka kusukwa, aje."

Yule mteja alinyakua mkoba akatoka, kichwa kimesukwa nusu. Mwingine, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akisubiri zamu, aliwaza kidogo, kisha akaja kuketi mbele ya msusi.

"Jumamosi namwoza mdogo wangu," alisema. "Sina muda wa woga."

Jioni, walipobaki wawili, mwenye saluni alimsogelea. "Tumekula sahani moja miaka yote hii. Tangu Ijumaa najipapasa shingo natafuta tezi zilizovimba. Silali."

"Kumbe unaniogopa wewe, si wateja."

"Nakuogopa."

Msusi alikuwa na maneno makali, ameyapanga kutwa nzima. Akayameza.

"Kesho asubuhi tunaenda kupima. Sahani haina kosa. Twende tu, upate kulala."

Walienda. Muuguzi akarudia yaleyale ya kichana na kikombe, na majibu yakaonyesha shoga yake hana virusi. Mwenye saluni alilia, aibu ikizidi furaha, akaomba radhi.

"Nimekusikia," msusi alisema. "Kusamehe kutakuja kwa miguu yake. Tuendelee na kazi."

Wateja watano hawakurudi. Wawili kati yao siku hizi humsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya chini. Yeye huwaitikia kwa majina, kwa sauti, mtaa mzima usikie.