Pindo la Gauni la Bibi

Nilisikia mlio Bibi alipoinama kuinua ndoo ya maji, uani kwetu Nkololo: mkavu na mfupi, kama shina la pamba linapovunjwa kwa ajili ya kuni. Akakaa chini taratibu.

"Uzee tu, mjukuu wangu. Usinikague kama ng'ombe wa mnadani."

Hospitalini, daktari alieleza kwamba pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imepondeka kwa sababu mifupa imedhoofika, na kwamba wanawake wengi wazee wana tatizo hilo bila kujua. Kisha akauliza kama Bibi alikuwa amepungua kimo.

Kwa miaka minne, kila Krismasi, nilipandisha pindo la gauni lake la kanisani, nikiamini kwamba kitambaa kinavutika. Mimi, mwanafunzi wa uzamili ninayehakiki kila kipimo mara mbili, sikuwahi kumpima yeye.

Mlio ule haujaniacha. Wiki iliyopita mama yangu, anayeuza samaki Lamadi, aliniomba nimpunguzie urefu wa gauni. Kwa siku tatu nilijishawishi kwamba ni kitambaa tu. Leo asubuhi nilimpigia simu.

"Mayu, mama yangu, liache hilo gauni," nilimwambia. "Nakuja kukuchukua, wakakupime mifupa hospitalini."