Upande wa Wanawake

Studio ya ami yangu, ndugu wa baba, ilikuwa Konde, na tuliofanya kazi pale tulikuwa wanne. Ami ndiye mkuu. Alipiga picha za wanaume harusini, kwenye nikaha na barazani. Mwanawe wa kiume alishika video. Mkwewe, mume wa binti yake, alikaa mbele akipokea wateja na kupiga picha za pasipoti. Mimi nilikuwa upande wa wanawake.

Mwanamme haingii walipo wanawake waliovua mabuibui, na picha zao hatakiwi kuziona. Kwa hiyo nilizipiga mimi, nikazisafisha kwenye kompyuta mimi, nikazichapisha na kuzipanga kwenye albamu mimi. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa ubao asichungulie mtu. Nje jua la mchana, mie nimo gizani na feni yangu.

Mwanzo nilijivuna. Kina mama wa Tumbe na Makangale hawakupanga siku ya harusi mpaka waulize kama nina nafasi. Kisha nikaposwa mimi. Mama alitaka nifungishwe ndoa mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani. Ami akaja nyumbani, akanywa chai yake taratibu, akasema, "Shaabani imejaa harusi. Nani ataingia kwa wanawake?"

"Ami, na mimi naolewa."

"Utaolewa, mwanangu. Baada ya sikukuu."

Mama akamwongezea chai. Baba alishatangulia mbele ya haki, na ami ndiye walii wangu. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Basi Shaabani ile nikazunguka na maharusi wa watu, nawafundisha namna ya kuinamisha macho.

Nilimwomba jambo moja tu: nimfundishe mwanamke mwengine. Akakubali. Nikampata mjane mmoja wa Tumbe, mtulivu, mwenye jicho la picha. Alijua kungoja mpaka bi harusi asahau kama kuna kamera. Baada ya Idi nikaolewa, na picha zangu alizipiga yeye. Siku za fungate nililala usingizi ambao sikuwa nikiujua.

Hata mwaka haukutimia, naye akaolewa. Alikuja studio na kamera ameifunga kwenye kanga.

"Mume hataki niingie majumba ya watu," alisema.

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwitikia. Ningemwambiaje, dada?"

Sikuweza kumkasirikia. Alipokwisha kutoka, ami aliichukua ile kamera akanikabidhi. "Alhamisi tuna harusi Msuka," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Usiku ule nilimwambia mume wangu nimechoka, nataka kuiacha kazi. Nilitumai atanikataza, kama yule mwenzangu alivyokatazwa. Mume wangu ni mtu mpole, hajapata kunipandishia sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi ya heshima ile," akasema. "Watu wananisifia wewe. Na ami yako ndiye aliyenioza, nitamtazama vipi usoni?"

Nilimwonea wivu mwanamke aliyefungiwa ndani, na niliona haya kuwa na wivu huo.

Alhamisi tukaenda Msuka. Ami alikaa mbele, mwanawe kwenye usukani, wakizungumza bei ya karafuu. Mimi nilikuwa nyuma, nimezipakata taa za picha zisigongane barabarani. Tulipofika, wanawake walinifungulia mlango wa uani, nikaingia.