Chuma Nilichokishika Mimi

Jumanne moja ya mwezi wa Machi nilimpoteza kaka yangu mkubwa, katika wodi ya hospitali ya Lodwar. Alikuwa akinunua mbuzi Kaaleng na kuwauza Kakuma. Watu waliambiwa ni tumbo. Halikuwa tumbo.

Mwaka uliotangulia aliniita nyuma ya boma akanionyesha vinyama vitatu vilivyomwota uumeni. Viwili vilikuwa laini. Cha tatu, chini ya govi, kilikuwa kigumu, na kilitoa damu kikiguswa. Nilimwambia twende kliniki ya Kakuma.

"Daktari wa pale ni msichana," alisema. "Rika la binti yangu. Nimvulie nguo?"

"Ameshaona wengi."

"Hao wengi si mimi. Leta chuma."

Sisi huchoma uvimbe wa ngamia kwa chuma cha moto. Nilikiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, naye akauma mkanda wake, nikavichoma vyote vitatu. Tulipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ngamia hupiga teke," alisema. "Mimi nimetulia. Nipe chai."

Vile viwili vilianguka. Cha tatu kiligeuka kidonda. Tukasema ni moto, kitakauka. Tulisema hivyo karibu mwaka mzima, hadi kinena kilipovimba akashindwa kukaa kwenye pikipiki. Hapo akakubali kwenda.

Daktari alivuta pazia, akavaa glavu, akasogeza taa. Alitazama muda mrefu, kisha akamgusa kinena.

"Mzee, chunjua zinazoletwa na virusi nazijua kwa macho, na dawa ya kupaka ipo," alisema. "Lakini hapa naona kovu la moto na kidonda kisichopona. Lazima nikate kipande kikapimwe. Nani alikuchoma?"

"Nilijichoma mwenyewe," kaka alisema, bila kunitazama.

Daktari akaandika hivyo kwenye faili.

Kipande kilipelekwa mbali. Kabla majibu hayajarudi, uvimbe wa kinena ulipasuka, tukamkimbiza Lodwar, na huko damu haikukatika.

Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi Kakuma kuchukua karatasi. Daktari aliniambia ni saratani, na kwamba virusi vile vya chunjua wakati mwingine huileta. Alisema kama angekiona kile kigumu kabla ya moto, angekikata siku hiyohiyo. Kisha akasoma kwenye faili kwamba mgonjwa alijichoma.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Alinitazama, akachukua kalamu, akalikata neno 'alijichoma' na kuandika 'alichomwa na ndugu yake'.