Aliyepona Peke Yake

Jina lake la kweli walilijua dada yake na watu wa kliniki, basi. Wengine wote walimwita Sponji. Alikuwa fundi wa makochi, na tangu akiwa bado anajifunza kazi alikuwa na tabia ya kujilaza mchana juu ya rundo la sponji nyuma ya karakana, na kuamka na vipande vya njano kichwani kama kifaranga. Jina likamganda na yeye hakuhangaika kulibandua. Ndivyo alivyokuwa: ukimwambia njoo anakuja, ukimwambia shika anashika.

Kazi aliijua. Kuvua kitambaa kilichochakaa, kung'oa pini moja moja kwa bisibisi, kukaza mikanda ya chini, kukata sponji kwa kisu kirefu, kisha kuvuta kitambaa kipya mpaka kilie ukikigusa. Fundi Mkuu, mwenye karakana, alimwachia pembe zote, kwa sababu pembe ndizo zinazomuumbua fundi mbovu.

Msichana wake alimpata kupitia kochi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni, na pale alikuwepo msusi mmoja waliyemwita Vidole, kwa jinsi alivyosuka nywele nyembamba huku anaangalia pembeni na kusengenya wapita njia. Siku hiyo alivuka barabara na mafuta ya nywele yakimng'aa mikononi.

"Fundi, kochi letu la wateja linauma watu makalio."

"Linauma sehemu gani hasa?"

"Njoo ukae ujue."

Sponji akaenda, akakaa, akajua. Alivyoruka, Vidole alicheka mpaka akashika ukuta. Kochi lilitengenezwa siku ileile, lakini fundi aliendelea kwenda kulikagua kwa muda wa miezi.

Walipendana waziwazi, kama watu wasio na cha kuficha. Msichana ndiye aliyesema, kijana akacheka. Wakapanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, choo na bomba vya kushirikiana, na Sponji akatengeneza kwa mabaki ya kitambaa kochi dogo la watu wawili lililokuwa na rangi nne. Mama yake Vidole, mjane aliyeishi kwa kushona sare za shule, hakufurahia watoto kukaa pamoja kabla ya posa. Lakini alimkagua kijana juu mpaka chini akasema, "Mikono anayo, hata kama maneno hana." Sponji aliahidi kuleta wazee.

Wazee hawakuletwa. Jioni moja Vidole alirudi kutoka kazini akiwa mtulivu kuliko kawaida yake, akavua viatu, akawasha sigara. Alikuwa havuti sigara.

"Ni nini hiyo?" Sponji aliuliza.

"Unga kidogo, umechanganywa na tumbaku. Usinitolee macho. Mteja mmoja alinipa juzi nilipolalamika mabega. Nasimama toka tunafungua mpaka tunafunga, mgongo unawaka moto. Sasa hivi siumwi popote. Hata kile kilio cha baba kilichokuwa kimenikaa kifuani kimenyamaza."

"Hiyo si ndiyo inayomaliza watu?"

"Inamaliza wenye tamaa." Akamsogezea. "Vuta ujue. Sitaki niwe naenda mahali ambapo wewe haupo."

Akashika. Alitapika kwanza, halafu mwili wote ukalegea kwa raha ambayo hakuwahi kuambiwa kwamba ipo duniani. Wakalala wamekumbatiana kwenye kochi lao la rangi nne, na kila mmoja aliamini kuwa wamepata kitu cha kwao wawili.

Majirani walikuja kutania baadaye kwamba katika chumba kile ni unga uliozidi maji. Utani huo ulichelewa. Televisheni ilikuwa imeshaondoka, likafuata jiko la gesi, likafuata godoro. Vidole alifukuzwa saluni baada ya kusinzia na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa na nusu kimefumuka. Sponji aliuza jora la kitambaa cha mteja. Fundi Mkuu hakufoka. Alinyoosha mkono tu akadai ufunguo wa karakana.

Hapo ndipo mama mshonaji alipokuja. Alisimama katikati ya ua, wanawake wakaacha kufua.

"Nilikupa mtoto mzima," alimwambia Sponji. "Umenirudishia teja. Mungu akulipe kwa ulichomfanyia mwanangu."

Vidole alikuwa ameketi kizingitini, anajikuna mikono, macho chini. Sponji alimtazama mara moja, akingoja neno. Neno halikuja.

"Nisamehe, mama," akasema.

Toka siku hiyo mtaa mzima ulijua nani alimharibu nani. Walipobaki wawili, Vidole alimwegemea begani. "Ungesema," alinong'ona.

"Ningesema nini?"

Kilichofuata ni kwamba walitoka kwenda kutafuta cha kuvuta, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuuma.

Aliyewatoa humo alikuwa dada yake Sponji, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto mia tatu kwenye foleni. Alisikia kuna kliniki inayotoa dawa ya kunywa kwa watu wa unga.

"Siendi bila yeye," Sponji alisema.

"Basi mbebe. Ila ukiona unazama, mtue."

Wakaenda wote. Kila asubuhi walipanga mstari mbele ya kidirisha, wakapewa kikombe kidogo, wakanywa mbele ya nesi, na nesi akawasemesha jambo lolote mpaka ahakikishe wamemeza. Sponji alianza kula. Akaanza kuona aibu, jambo ambalo nesi alimwambia ni dalili nzuri. Lakini Vidole alikuwa anakauka.

"Hii dawa inanizuia kuumwa, lakini hainifurahishi," alimwambia njiani. "Nimekuwa kama redio isiyo na stesheni. Wewe hujisikii hivyo?"

"Najisikia. Nadhani itapita."

"Wewe una kitu cha kurudia. Mimi nikinyamaza nasikia yale yale."

Akaanza kukosa siku moja, kisha mbili, kisha akawa anamsindikiza mpaka njia panda na kukata kona. Sponji alirudi chumbani akiwa amekunywa dawa, akamkuta amevuta, na ile harufu ikamfuata mpaka usingizini. Nesi akamwambia bila kuzunguka: "Hicho chumba ndicho kitakachokurudisha. Chagua."

Alifungasha nguo zake kwenye mfuko mmoja. Vidole alikuwa mkekani, anamwangalia.

"Unaniacha."

"Nakungoja kule kwa dada. Siku ukiwa tayari, njoo."

"Ni kitu kimoja," alisema, akageukia ukuta.

Hakuja. Mwaka ukapita. Fundi Mkuu alimrudisha Sponji kazini, kwanza nje, akivua makochi mabovu mahali anapoonekana, baadaye ndani, baadaye kwenye pembe. Mashavu yakajaa. Watu wakaacha kushika mifuko yao akipita.

Mchana mmoja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, mama mshonaji aliingia karakana. Hakuwa amemsemesha toka siku ile ya uani. Alikaa juu ya fremu ya kochi lisilo na matakia, mbao zikimkata mapaja, na utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni.

"Mwanangu," alisema.

Sponji alisimamisha kisu ndani ya sponji.

"Yuko kwenye lile jengo lisilokwisha, nyuma ya stendi. Nimekwenda. Akiniona anakimbia. Wewe hatakukimbia."

"Mama, mimi ndiye niliyempoteza. Ulisema mwenyewe, watu wakasikia."

Akauzungusha utepe kidoleni, akaufungua. "Nilijua si wewe."

Barabarani lilipita lori, na wote wawili wakangoja kelele zake ziishe.

"Alianzia nyumbani kwangu, kabla hujamjua. Nilikuta vikaratasi kwenye mfuko wa koti lake nikifua. Nikajiambia ni vya dawa ya kichwa. Nilitaka sana viwe vya dawa ya kichwa. Halafu ukatokea wewe, na mimi nikapata wa kumtwika."

Sponji alikumbuka ile "juzi" aliyoambiwa jioni ile, na mabega yaliyouma. Alijaribu kukasirika, hasira ikamgomea.

"Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu nakutuma. Siwezi kukutuma huku nimekubebesha uongo wangu."

Dada yake angemwambia sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo hakumwambia. Alikwenda siku yake ya mapumziko, jua likiwa utosini. Jengo lilikuwa nguzo na ngazi tu, nondo zimechomoza juu kama nywele zilizokosa kitana. Chini ya ngazi lilikaa jibaba moja waliloliita Jitu, ambalo lilimwangalia viatu vyake vizima likamwacha apite. Ghorofa ya kwanza ilinuka mkojo na plastiki iliyoungua. Vidole alikuwa ameketi kwenye boksi lililokunjuliwa, anamsuka mwanamke mwenzake. Vidole vyake vilikuwa vilevile. Vingine vyote vilikuwa vimepungua.

"Sponji," alisema bila kuacha kusuka. "Umenenepa. Huko kwa dada wanakulisha gundi?"

Akacheka, na yeye akacheka, na kwa muda mfupi wakawa wapo ng'ambo ya barabara tena. Akamaliza ule msuko, akalipwa kwa kikaratasi kilichokunjwa, yule mwanamke akaondoka.

"Mama amenituma. Kesho nitakupitia asubuhi, twende kliniki. Nesi ni yuleyule."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kaa kwanza. Unasimama kama askari."

Akakaa. Walizungumza habari za saluni, za mteja aliyekuwa na kichwa kikubwa, za kochi la rangi nne ambalo mwenye nyumba alilichukua. Huku wanazungumza, Vidole alikuwa anafungua kile kikaratasi, anachanganya, anasokota, kama mtu anavyochambua mboga huku anapiga soga. Hakumkaribisha. Hilo Sponji alilirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza: hakumkaribisha. Mwili wake ndio uliokumbuka kabla yake. Mate yalimjaa kinywani, mkono ukaenda wenyewe.

"Nipe."

Vidole alimtazama. "Wewe?"

"Nipe kidogo tu."

Akampa. Akavuta mara mbili, tatu, na ile raha ya kale ikafungua mlango kama vile haikuwahi kuondoka. Alipofumbua macho, Vidole alikuwa analia. Hakuwahi kumwona akilia; hata siku walipomzika baba yake, kwa maneno yake mwenyewe, hakulia. Alimpokonya sigara na kumpiga kofi, si la nguvu, hakuwa na nguvu.

"Toka."

"Nilikuja kukuchukua."

"Jiangalie ulivyokaa. Nani anamchukua nani?" Akamvuta kola, akamsukuma kuelekea ngazi, naye akaenda, kwa sababu alikuwa ameambiwa aende. "Nilikuanzisha mara moja. Sikuanzishi mara ya pili. Umenisikia?"

Chini akamwita Jitu. "Huyu akirudi hapa, mpige. Hata akisema ananitafuta mimi. Hasa akisema ananitafuta mimi."

"Sawa," Jitu likajibu, kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Asubuhi yake Sponji alimweleza nesi kila kitu pale kidirishani, watu wa nyuma wakisikia. Nesi alimkagua macho, akamwambia akae kwenye benchi mpaka atakapomwita. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Dada yake alikuwa anaosha masufuria alipoambiwa. Alimaliza kuyaosha, akayapanga, kisha akachukua pasi na redio, akaviingiza chumbani kwake na kufunga kwa ufunguo. Vilikaa humo miezi mingi. Walikula pamoja kila siku na hakuna aliyevitaja.

Mama mshonaji naye alikuja kuulizia.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama." Akamsimulia yote, pamoja na kile alichokivuta yeye. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo hutarudi tena."

"Sirudi. Nikirudi, mtakuwa mnatafuta watu wawili."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alikaa kidogo, kama mtu anayengoja chenji. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi la mbao, akasema, "Haya." Siku hizi yeye mwenyewe hupeleka uji kwenye chupa ya chai, anaiacha chini ya ngazi kwa Jitu. Chupa hurudi tupu. Nani anakunywa, hajui, na haulizi.

Sponji alimwona Vidole mara moja tu baada ya hapo. Yeye na mwenzake walikuwa wanasukuma mkokoteni wenye kochi jipya kupita stendi. Vidole alikuwa anakuja upande wao na gunia la chupa tupu begani, anachechemea mguu wa kushoto uliofungwa kitambaa. Akamwona. Akasimama, akahamisha gunia bega la pili, akavuka barabara katikati ya magari, mpaka dereva mmoja akampigia honi na kumtukana. Alipofika ng'ambo aliendelea kutembea bila kugeuka.

"Unamjua yule?" mwenzake aliuliza.

"Namjua."

"Mbona amekukimbia?"

Sponji alikuwa anamfuata kwa macho, jinsi ule mguu ulivyomkokota nyuma. Angeweza kumfikia kwa hatua chache. "Tusukume," alisema mwishowe, "tunaziba njia."

Mteja alikuwa ameshasimama mlangoni. Alilalamika kuwa wamechelewa, halafu akataka kochi lijaribiwe kwanza chini ya dirisha, kisha ukutani, kisha chini ya dirisha tena. Wakalibeba kila alipotaka.