Kocha wa Chumba cha Uani

Mwaka jana nilirudi Gungu, kando ya ziwa jirani na Ujiji, kushughulikia karatasi za nyumba ya Bibi. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka stesheni alizungumza njia nzima kuhusu kocha mmoja anayetaka afukuzwe. Hajui kubadilisha wachezaji, anang'ang'ania wazee, ni mwoga. "Wewe dada unaonaje?" akaniuliza. Nikamwambia sina maoni. Yeye sikumweleza kwa nini, ila wewe nitakueleza, maana tuliokuwepo tumebaki wachache.

Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa akikaanga migebuka, samaki wa ziwani, barazani kwa mawese, na harufu ya yale mafuta mekundu iliingia kwenye nywele zetu, madaftari yangu, hata mashuka. Nikitoka shule nilichota maji, nikaosha samaki, nikaanika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo. Redio yenyewe ilikaa karibu na karai, imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mfuniko usidondoke. Majirani walisikiliza salamu na matangazo ya vifo. Bibi alisikiliza mpira.

Hakuna mchezaji aliyepona mdomoni mwake. Kipa asiyepiga kelele, alisema, ni sawa na kuweka pazia golini. Kulikuwa na nyota mmoja wa timu kubwa ya Dar es Salaam ambaye nchi nzima ilimwimba. Bibi alimwita bwana harusi, kwa sababu hakutaka kuchafua bukta. Aliyempenda ni beki mmoja ambaye mtangazaji alimtaja mara mbili tu mechi nzima. "Ukisikia beki anatajwa sana," alisema, "huko nyuma kumeharibika."

Redio ya Bujumbura ilishika kwetu vizuri, na Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo ligi yao nayo aliifuata. Huko ndiko alikompata adui yake. Kocha wa timu moja, wakiwa fainali, wakiongoza bao moja, alimtoa winga wake wa kushoto akaingiza beki. Wakafungwa mawili. Bibi aliwasimulia wateja habari hiyo kwa miaka. "Ana mtu kama yule uwanjani, anaenda kumkalisha. Mwoga mkubwa."

Kisha watu wakaanza kuja. Walikuja kwa boti na kwa miguu, kutoka Burundi, baadaye kutoka Kongo. Walilala ufukweni, makanisani, misikitini, na madarasani kwetu, sisi tukasomea nje. Nilizoea upesi. Nilipita katikati ya watoto waliolala chini nikiwa na ndoo kichwani, nikiangalia maji yasimwagike.

Siku moja Bibi alirudi kutoka sokoni na mwanaume mwembamba, mwenye mfuko mmoja na viatu visivyo na kamba. Akampa chumba cha uani. Yule mgeni alipasua kuni, akafagia, akala alichopewa, na aliposemeshwa alijibu "ego", ndiyo, basi. Alikaa hivyo karibu mwezi mzima.

Alasiri moja alikuwa barazani akila bugali, ugali wa muhogo, kwa mgebuka, Bibi akimhadithia mteja ile fainali. Alipofika kwenye neno mwoga, mgeni akaweka tonge chini.

"Mama, yule kijana alikuwa ameumia nyonga tangu mapumziko. Alinificha. Nilimwona anavuta mguu."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemtoa."

Bibi aligeuza samaki wote kwenye karai, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Ungeingiza winga mwingine. Beki wa nini?"

Mgeni akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Tangu siku hiyo tukamwita Kocha, na wawili hao wakabishana kila jioni. Kocha alisema nyota ni kazi ya wale kumi wengine. Bibi alisema hayo ni maneno ya makocha wasio na nyota. Mara moja tu Bibi alimuuliza yule winga yuko wapi sasa.

"Sijui," alisema Kocha. "Kikosi kile nimewaacha kumi na mmoja. Najua walipo wanne."

Bibi akamwongezea samaki.

Vijana wa mtaa waliposikia, walikuja kumwomba awafundishe. Aliwafundisha kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya shule, bila filimbi, kwa kupiga makofi. Wakaanza kushinda. Wakapangiwa mechi na Ujiji, siku ya Jumamosi, na shuleni watoto wa Ujiji walitutania kwamba tutapigwa kama ngoma. Madarasa tulikuwa tumesharudishiwa; mimi nikasimama juu ya dawati nikasema kocha wetu alifundisha timu kubwa Bujumbura, na analala nyumbani kwetu, chumba cha uani. Darasa zima lilinisikia, na dirishani walikuwepo watu wazima.

Wiki hiyohiyo gari lilipita na kipaza sauti. Wakimbizi wote wanaoishi mitaani watapelekwa kambini. Alhamisi asubuhi wanaume watatu wakaingia uani kwetu. Hawakupita nyumba nyingine, hawakumuuliza mtu chochote. Walikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba.

Hawakumpiga wala kumtukana. Walimpa muda wa kufunga mfuko. Bibi alimfungia samaki wanne kwenye gazeti. Mlangoni Kocha akasimama.

"Mama, Jumamosi namba kumi na moja asicheze. Goti lake halijapona. Atasema limepona."

"Nitawaambia."

Akanishika kichwa kidogo, akapanda lori. Nikaenda kuchota maji.

Jumamosi Bibi hakukaanga. Alivaa kanga yake ya sikukuu akaenda kiwanjani kukaa pale Kocha alipokuwa akikaa. Namba kumi na moja alikuwa winga wa kushoto, na ndiye aliyekuwa akifunga. Alikuja mbele ya Bibi akarukaruka kuonyesha goti.

"Shikamoo Bibi. Limepona kabisa."

"Marahaba. Kaa."

Nahodha akainama. "Bibi, bila yeye hawa watatumaliza. Tuseme hukumsikia vizuri."

"Nilimsikia. Hachezi."

Tulifungwa mawili kwa bila. Watu walimzomea Bibi yangu, wakamwita mwoga, mwanamke mzima aliyekuja kuharibu mpira wa watu. Alikunja kanga, akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Njia nzima nilingoja aanze kumchambua kipa. Hakumchambua.

Na hakumchambua tena mchezaji yeyote. Redio iliendelea kuwashwa, mechi zilisikilizwa hadi mwisho, lakini bwana harusi alipokosa penalti mwaka uliofuata, Bibi aligeuza samaki tu.

Habari za hakika za Kocha hatukuzipata. Mmoja alituambia amerudi kwao, mwingine kwamba alifia kambini, mwingine kwamba anafundisha timu nchi ya mbali. Zote tatu nilizipokea kwa uso uleule.

Nilipokuwa nimeshaolewa Tabora, nilikwenda kumsalimia Bibi, nikamwambia habari ya lile dawati. Alikuwa akichambua mchele. Mkono wake haukusimama.

"Najua," alisema. "Mwalimu wako aliniambia wiki ileile. Ulikuwa mtoto." Kisha akasema, "Ongeza sauti ya redio."

Sasa Bibi hayupo. Kiwanja kimejengwa fremu za maduka, na chumba cha uani kimebomoka ukuta mmoja. Mpira siku hizi uko kwenye kila kibanda chenye televisheni, wa nchi yoyote unayotaka, na mume wangu hukosi kumkuta huko. Mara nyingine nakwenda naye. Kwenye televisheni kocha wa timu anamwita mchezaji atoke, banda zima linapiga kelele, na mimi nangoja nihisi kitu, hata hasira ya ushabiki tu. Mchezaji anatoka, mwingine anaingia, mpira unaendelea.